Kingamwili Haing'ai: Kutafuta Kosa Kuanzia Hadubini Hadi Kwenye Tyubu ya Rangi

Kingamwili ni protini inayoshika kitu kimoja mahususi, yaani antijeni yake; ikitiwa rangi inayong'aa, huonyesha chini ya hadubini mahali antijeni ilipo kwenye seli au tishu. Slaidi ikitoka giza, lawama ya kwanza huangukia kingamwili, na mara nyingi inasingiziwa. Kosa linaweza kuwa mahali patatu: kwenye hadubini, kwenye slaidi yenyewe, au kwenye tyubu ulimotia rangi. Tafuta kwa mpangilio huohuo. Hadubini hukaguliwa bure kwa dakika chache, slaidi hugharimu siku moja, lakini kingamwili mpya kwa maabara ya Dar es Salaam huagizwa nje, husafiri na barafu na husubiriwa kwa wiki. Ukimaliza mikrogramu 100 kwa kubahatisha, hakuna duka la Kariakoo la kukimbilia.

Mwongozo huu unahusu hasa kingamwili za aina ya IgG unazozitia rangi mwenyewe, kwa FITC (rangi ya kijani ya fluoresini) au kwa rangi zenye esta ya NHS (mkono wa kemikali unaojishika kwenye protini) kama Alexa Fluor na Cy. Anayetumia kingamwili ya pili, yaani ile inayoishika kingamwili ya kwanza, iliyotiwa rangi kiwandani, anaweza kuruka hesabu za uwiano, ila sehemu za slaidi na hadubini zinamhusu moja kwa moja.

Hakuna mng'ao wowote

Anza na swali jepesi: je, rangi uliyotumia inaonekana kwa jicho? Alexa Fluor 647 na Cy5 hutoa mwanga wa karibu nanomita 670, na jicho la binadamu ni dhaifu mno huko. Slaidi nzuri kabisa ya Cy5 huonekana nyeusi ukiichungulia kwenye lenzi za macho, inahitaji kamera. Usiitupe kabla ya kuipiga picha.

Kisha angalia taa na vichujio. FITC na Alexa Fluor 488 hufyonza mwanga wa karibu nanomita 495 na kutoa wa 519. Taa ya zebaki ina vilele vikali kwenye nanomita 365, 405, 436, 546 na 579, wala haina kilele karibu na 495. Kwa hiyo taa ikizeeka, FITC ndiyo huumia mapema, ilhali DAPI (rangi ya buluu ya viini vya seli) na Cy3 bado zinang'aa vizuri kwa kubebwa na vilele vya jirani. Ukiona viini vya seli ni vya buluu safi na Cy3 ni nyekundu nzuri, lakini kijani kimefifia kwenye kila slaidi ya kila mtu, soma kwanza kihesabu saa cha taa. Balbu nyingi za wati 100 hukadiriwa saa 200 hivi. Umeme ukikatika na kurudi, usiiwashe taa ya zebaki ikiwa bado ya moto; ipe nusu saa ipoe. Kuiwasha na kuizima ovyo kunaifupishia maisha, na hii ni sababu tosha ya kuiwekea hadubini UPS yake kabla ya kufikiria kununua lenzi mpya.

Sasa fanya jaribio la tone. Chukua kingamwili yako yenye rangi, ipunguze 1:100 kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa, yaani kemikali inayoshikilia pH), weka mikrolita 5 kwenye slaidi safi, funika, tazama. Uwanja mzima ukijaa rangi, hadubini ni nzima na rangi iko hai. Ukiwa mweusi, tatizo haliko kwenye tishu yako, na hakuna kiasi cha kubadilisha muda wa kuloweka kitakachokusaidia.

Tone liking'aa lakini slaidi ikawa giza, chukua slaidi pacha, itie kingamwili ileile ambayo haikutiwa rangi, kisha itie kingamwili ya pili yenye rangi. Yakija majibu mazuri, maana ni mojawapo ya mbili. Ama kutia rangi kumeiua kingamwili, ama antijeni ni chache mno kwa njia ya moja kwa moja (kingamwili ya kwanza ikibeba rangi yenyewe): kingamwili za pili hujishika kadhaa juu ya kila moja ya kwanza na hivyo kukuza mng'ao, jambo ambalo njia ya moja kwa moja haina. Yasipokuja, rudi kwenye kufiksi, yaani kuzikaza seli kwa kemikali. Fomaldehidi ya 4% kwa dakika 10 hadi 15 kwenye joto la chumba inatosha seli nyingi za kukuzwa. Kuzidisha huficha antijeni. Methanoli ya nyuzi −20 kwa dakika 5 hadi 10 hufaa kingamwili fulani na kuharibu nyingine, maana hubadilisha umbo la protini. Fomalini ya dukani huwa na methanoli ndani yake kama kihifadhi, kwa hiyo kwa kazi hii tengeneza yako kutoka paraformaldehidi: ipashe moto hadi nyuzi 60 ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ongeza matone ya NaOH hadi iyeyuke, ipoe, rekebisha pH iwe 7.4.

Antijeni ikiwa ndani ya seli, lazima utando utobolewe: Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya 0.1 hadi 0.3% kwa dakika 10. Anayetumia saponini badala yake akumbuke kwamba matundu yake hujifunga saponini ikiondoka. Ni lazima iwemo kwenye kila bafa, hadi uoshaji wa mwisho.

Kuna chanzo kimoja zaidi cha kijani kufifia, nacho ni rahisi kusahaulika. Fluoresini hung'aa kwa nguvu kwenye pH ya juu, na pH ikishuka kuelekea 6.4 hupoteza sehemu kubwa ya mng'ao wake. Gliseroli isiyo na bafa inaweza kuizima rangi ambayo haina kosa lolote. Tumia gliseroli ya 90% kwenye bafa ya pH 8.5 hadi 9, pamoja na kizuia kufifia kama propili galati au DABCO. Alexa Fluor 488 haijali mabadiliko hayo ya pH, na hilo peke yake linatosha kuipa kipaumbele pale unapoweza kuimudu.

Rangi imeshika kidogo mno

Usikisie. Ukiwa na spektrofotomita (kipima ufyonzaji wa mwanga), jibu liko mbele yako. Pima ufyonzaji (A) kwenye nanomita 280, panapofyonza protini, na kwenye kilele cha rangi, kisha tafuta uwiano, yaani molekuli za rangi kwa kila kingamwili:

Uwiano = (A ya kilele × 210,000) ÷ [(A280 − A ya kilele × CF) × ε]

Namba 210,000 ni mgawo wa ufyonzaji wa IgG. ε ni ule wa rangi, na CF ni sehemu ya ufyonzaji wa rangi inayojitokeza pia kwenye 280. Kwa FITC tumia ε 68,000 na CF 0.30, ukipimia kwenye bafa ya pH 8 au zaidi. Kwa Alexa Fluor 488 ni 71,000 na 0.11, Cy3 ni 150,000 na 0.08, Cy5 ni 250,000 na 0.05.

Mfano: kingamwili yenye Alexa Fluor 488 imesoma 0.85 kwenye 495 na 0.62 kwenye 280. Toa 0.85 × 0.11, yaani 0.094, unabaki na 0.526. Kisha (0.85 × 210,000) ÷ (0.526 × 71,000) ni karibu 4.8, maana yake kila molekuli ya IgG imebeba takriban molekuli tano za rangi. Hiyo ni nzuri. Kwa Alexa Fluor 488 lenga 4 hadi 8, kwa FITC 3 hadi 6, kwa Cy5 2 hadi 4.

Ukipata chini ya 2 kwa rangi za kijani, wahusika ni wachache na wanajulikana.

Wa kwanza ni kilichomo kwenye bafa. Esta ya NHS na FITC hushika amini (vikundi vya nitrojeni), hasa za lisini, mojawapo ya asidi amino za protini. Tris (bafa ya kawaida) ina amini, glisini ina amini, chumvi za amonia vilevile, nazo ni nyingi mno kuliko kingamwili yako. Albumini ya ng'ombe iliyowekwa kama kitulizaji ni mbaya zaidi: ina lisini tele, hunyakua rangi, na hubaki humohumo ikijifanya kingamwili kwenye kipimo cha 280. Azidi ya sodiamu nayo ni vyema uiondoe kabla ya FITC. Soma karatasi iliyokuja na kichupa kabla ya kufungua rangi. Tris, glisini na azidi huondoka kwa safu ya Sephadex G-25 (jeli inayotenganisha molekuli kubwa na ndogo), kwa dayalisisi (kuchuja kwa utando), au kwa chujio la sentrifuji la kilodaltoni 30. Albumini haiondoki, kwa kuwa ina kilodaltoni 66. Hiyo inahitaji protini A au protini G, ambazo hushika IgG. Halafu kuna mtego hapo: kingamwili hutolewa kwenye protini A kwa glisini yenye asidi na kutulizwa kwa Tris, yaani umeondoa adui mmoja na kuwakaribisha wawili. Badilisha bafa tena.

Wa pili ni pH. Esta ya NHS inataka 8.3 hadi 8.5, FITC inataka 9 hadi 9.5. Chini ya hapo amini za lisini zimebeba protoni na hazishiki rangi. Kwa NHS, yeyusha gramu 8.4 za bikaboneti ya sodiamu kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, upate mola 1, kisha ongeza sehemu moja kwa sehemu tisa za kingamwili iliyo kwenye PBS. Tengeneza siku hiyohiyo. Bikaboneti ikikaa wazi au ikipashwa moto hupoteza kaboni dayoksaidi na pH yake hupanda. Kingamwili za IgM (aina nyingine, kubwa zaidi) usizipeleke juu namna hiyo, maana huvunjika. Zitie rangi kwenye pH 7.5.

Wa tatu ni wingi wa kingamwili. Kwenye miligramu 2 kwa mililita mambo huenda vizuri. Chini ya miligramu 1, maji huishinda kingamwili mbio za kuikamata rangi, nawe unabaki na rangi mfu. Ikoleze kwanza.

Wa nne, na kwa mji wa pwani ndiye ninayemshuku kabla ya wengine, ni unyevu. Esta ya NHS huharibiwa na maji. Kwenye pH 7 na nyuzi 0, nusu yake huishi saa 4 hadi 5. Kwenye pH 8.6 na nyuzi 4, nusu imekwisha kwa dakika 10 tu. Kichupa kikitoka friza ya −20 na kufunguliwa papo hapo kwenye hewa ya Dar es Salaam ya mwezi wa Aprili, mvuke huganda ndani yake mbele ya macho yako, na kuanzia hapo unahifadhi rangi inayokufa. Kiache kimefungwa, ndani ya chombo chenye silika kavu, mpaka kifikie joto la chumba. Dakika 30 hadi saa nzima. DMSO, kiyeyushi cha rangi, nayo iwe kavu kabisa, kwani huvuta maji hewani kwa pupa. Chupa kubwa ya DMSO iliyofunguliwa miezi sita iliyopita haifai kazi hii hata kama inaonekana safi. Nunua vichupa vidogo vilivyozibwa, fungua kimoja, tumia, kilichobaki kipeleke kazi nyingine. Yeyusha rangi dakika hiyohiyo unayoihitaji. Esta ya NHS iliyokwisha kuingia kwenye maji haihifadhiki.

Kiasi chenyewe: miligramu 1 ya IgG ni nanomoli 6.7 hivi. Anza na rangi mara 10, yaani nanomoli 67. Kwa esta ya Alexa Fluor 488, yenye uzito wa molekuli 643, hiyo ni mikrogramu 43, au mikrolita 4.3 za myeyusho wa miligramu 10 kwa mililita. Idondoshe polepole huku ukikoroga taratibu, kisha saa moja gizani kwenye joto la chumba. Kwa FITC, mikrolita 50 za myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita zinatosha mililita 1 ya kingamwili ya miligramu 2. Iache saa 8 gizani kwenye nyuzi 4, kisha zima kwa kloridi ya amonia ifikie milimola 50. "Joto la chumba" kwenye maelekezo ya kiwandani lina maana ya nyuzi 20 hadi 25. Kama kiyoyozi kimezimika na chumba kimefika 31, rangi itafanya kazi upesi zaidi na itaharibika upesi zaidi, na uwiano utakaopata hautalingana na wa wiki iliyopita.

Rangi imezidi

Watu huhofia rangi kidogo kuliko nyingi, na nadhani wanakosea. Uwiano wa 12 hauleti mng'ao mara mbili ya 6. Molekuli za fluoresini zikisongamana hunyonyana mwanga, na slaidi huwa hafifu kuliko ungetegemea. Zaidi ya hapo, kila lisini iliyoshikwa na fluoresini imebadilisha chaji chanya kuwa hasi, kwa hiyo kingamwili huanza kujibandika popote penye chaji chanya au mafuta. Lisini iliyo kwenye mdomo wa kushikia antijeni ikizibwa, kingamwili hiyo imekwisha kazi. Dalili kwenye tyubu ni mashapo yenye rangi chini baada ya sentrifuji. Dalili kwenye slaidi ni usuli (mng'ao usiotakiwa) wa juu pamoja na mng'ao hafifu mahali husika.

Dawa si kuipunguza kwa PBS. Rudia kwa nusu ya rangi. Kama kingamwili ni ya thamani, gawanya mikrogramu 300 sehemu tatu na ujaribu uwiano wa kuanzia wa 5, 10 na 15 kwa pamoja, kisha pima zote kwenye slaidi za tishu moja. Kingamwili za monokloni (zote nakala za aina moja) zikifa hata kwa uwiano mdogo, ujue lisini muhimu iko mdomoni. Achana na amini, tumia maleimidi, inayoshika salfa za bawaba ya kingamwili, au vipande vya kingamwili vya Fab vyenye rangi.

Kila kitu kinang'aa

Kabla ya kuongeza uoshaji, weka slaidi tatu za kontroli: moja bila kingamwili yoyote, moja yenye kingamwili ya pili peke yake, na kama unatia rangi ya kwanza moja kwa moja, moja yenye IgG ya aina ileile isiyolenga kitu, iliyotiwa rangi kwa uwiano unaokaribiana. IgG ya kontroli yenye uwiano wa 2 haiwezi kuitetea kingamwili yenye uwiano wa 8.

Slaidi isiyo na kingamwili iking'aa, mng'ao ni wa tishu yenyewe. Tatizo hili lina umri sawa na fani. Albert Coons na wenzake walipotia kingamwili rangi mara ya kwanza, mwaka 1941 huko Marekani, walitumia kemikali ya antraseni iliyong'aa buluu, na buluu hiyo ikapotea ndani ya buluu ya tishu; ndipo wakahamia fluoresini ya kijani. Suluhisho lao bado ni zuri: hama rangi. Tishu ya ini au ya ubongo wa mtu mzima, iliyojaa lipofusini (rangi ya uzee inayong'aa yenyewe), haisumbui sana kwenye nanomita 650 kama kwenye 495. Vinginevyo, Sudan Black B ya 0.1% kwenye ethanoli ya 70% kwa dakika 10 hadi 20 huzima lipofusini. Glutaraldehidi huacha mng'ao wake. Borohidridi ya sodiamu ya miligramu 1 kwa mililita kwa dakika 10 hupunguza. Aldehidi iliyobaki baada ya fomaldehidi izibe kwa glisini ya milimola 100.

Kontroli ya kingamwili ya pili peke yake iking'aa, ziba vizuri zaidi: seramu ya kawaida ya 5 hadi 10% kutoka mnyama aliyetoa kingamwili ya pili. Ila kama kingamwili ya pili ni ya kupinga mbuzi, usizibe kwa seramu ya mbuzi, na epuka pia maziwa na albumini ya ng'ombe, kwa sababu IgG za wanyama hao zinafanana.

Kontroli zote zikiwa nyeusi na slaidi yako ikang'aa kote, shuku rangi huru. Ipitishe kingamwili kwenye jeli ya SDS (inayotenganisha protini kwa ukubwa) kisha itazame juu ya taa ya urujuanimno: rangi iliyoshika huonekana kwenye mikanda ya protini, rangi huru hukimbia mbele pamoja na ncha. Rangi huru pia hudanganya hesabu ya uwiano kwa kuipandisha, kwa hiyo uwiano mzuri uliopimwa kabla ya kusafisha hauna thamani. Pitisha tena kwenye G-25.

Vidoadoa vikali visivyo na umbo

Hayo ni mabonge ya kingamwili. Sokota kingamwili kwenye sentrifuji kwa 10,000 g dakika 10 kila mara kabla ya matumizi, chukua maji ya juu. Chanzo huwa ni kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara. Friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe hupanda na kushuka joto, na katizo la umeme la usiku huongeza lake bila mtu kujua. Weka kingamwili yenye rangi kwenye friji ya nyuzi 4 na azidi ya 0.02%, imefungwa foili. Ya akiba igawe kwenye tyubu ndogo za matumizi ya mara moja, gliseroli nusu kwa nusu, kwenye −20, ambapo haigandi hata kidogo.

Kingo zinang'aa kuliko katikati

Slaidi ilikauka. Inashangaza kwa mji wenye unyevu kama huu, lakini chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa kina hewa kavu, na mikrolita 50 hukauka kingoni kabla ya saa moja. Chombo chenye mfuniko na karatasi iliyoloa chini kinatosha. Weka slaidi mbali na mdomo wa kiyoyozi.

Rangi moja inatokea kwenye chaneli ya nyingine

Tengeneza slaidi ya kila rangi peke yake, uipige picha kwa chaneli (seti za vichujio) zote. Piga picha chaneli moja baada ya nyingine. DAPI ya mikrogramu 0.1 hadi 1 kwa mililita inatosha. Zaidi ya hapo humwagikia kijani.

Picha ina utando hata kwenye slaidi iliyowahi kuwa safi

Safisha mafuta ya lenzi kwanza. Yasipokuwa mafuta, ondoa lenzi, igeuze, itazame kwa mwanga wa pembeni: nyuzi nyembamba zinazotawanyika ni kuvu. Hustawi kwenye hadubini iliyofunikwa nailoni wikiendi nzima kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Nailoni huzuia vumbi na kufungia unyevu. Tumia kifuniko cha kitambaa, na lenzi zisizotumika ziweke kwenye chombo chenye silika, ukibadilisha silika kila inapogeuka rangi. Kuvu iliyokwisha kula koti la kioo haifutiki, hivyo lenzi zikaguliwe kabla ya masika kuanza na baada ya kwisha.